"Fundi, niongezee soketi hapa": mambo ya kujua kabla ukuta haujachimbwa

Chumba nilichopanga Tabata miaka kadhaa iliyopita kilikuwa na soketi moja tu, tena nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi huioni, na ukiufunga unakuta waya wa pasi haufiki mezani. Nikamwita fundi wa mtaani. Alikuja na nyundo, tindo, rola ya waya na testa mfukoni. Haikupita saa nzima akawa ameniachia soketi mbili mpya kando ya kitanda, na vumbi la saruji juu ya shuka. Nikamlipa nikiwa na furaha zangu.

Wiki ileile nikachomeka pasi huku birika likichemka. Baada ya dakika chache, tap! Breka imekata. Nikairudisha, ikakata tena. Fundi akarudi, akafungua meini swichi, akachomoa breka iliyoandikwa 10 na kupachika ya 32. "Hii sasa haitakusumbua, bosi wangu."

Na kweli haikunisumbua. Kilichokuja kunisumbua ni harufu. Miezi minne baadaye chumba kilianza kunuka samaki mkavu, na samaki sikuwa nimepika. Fundi wa pili alipoivuta soketi kutoka ukutani, plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia, na alipoigusa kwa kidole ikapukutika kama ganda la karanga iliyoungua. Waya wenyewe ulikuwa ule mwembamba, ulioibwa kutoka kwenye taa ya dari.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu siku hizi swali la soketi liko kila mahali. Nyumba zetu nyingi zilifungwa nyaya enzi za balbu tatu, redio na televisheni. Sasa kuna friji, feni, pampu ya maji, kompyuta, chaja za watu sita, na tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, wengi wetu tumeongeza jiko la presha la umeme. Vifaa vimekuwa vingi, matundu ni yaleyale. Tunaongeza matundu. Halafu moto ukitokea mtaani tunasema "hitilafu ya umeme" na mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba umeme una hasira zake zisizoelezeka. Hitilafu hizo zina maelezo, na mengi anaweza kuyaelewa mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Maneno kwanza

Ndani ya ukuta, nyuma ya soketi, kuna nyaya tatu. Laivu ndiyo inayoleta umeme, na wengine wanaiita fezi. Nyutro ndiyo inayourudisha. Ethi kwa kawaida haibebi chochote. Inakaa pale ikisubiri siku ya ajali. Rangi zinachanganya watu kwa sababu kuna mitindo miwili sokoni. Wa zamani ni nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, wa sasa ni kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro. Ethi mara nyingi ni kijani yenye mstari wa njano. Nyumba iliyoongezewa vyumba mara mbili inaweza kuwa na mitindo yote miwili, kwa hiyo rangi peke yake usiiamini.

Sakiti ni safari nzima ya nyaya kutoka kwenye meini swichi hadi kwenye kundi fulani la taa au soketi. Nyumba ya kawaida ina sakiti kadhaa: ya taa, ya soketi, labda ya jiko, labda ya hita ya kuogea. Kila moja ina breka yake, ile swichi ndogo yenye namba 6, 10, 20 au 32. Namba hiyo ni ampea, yaani kiasi cha umeme kinachoruhusiwa kupita bila breka kukata.

Wati ni ulaji wa kifaa. Ukitaka kujua kifaa kinavuta ampea ngapi, chukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, gawanya kwa 230, ambayo ndiyo volti ya umeme wa majumbani. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9 na nusu hivi. Pasi ya wati 1,600 inavuta karibu 7. Jiko la presha la wati 1,000 ni kama 4. Televisheni bapa, feni na chaja ya simu hazifikishi hata ampea moja kila kimoja.

Kwa hesabu hii ndogo kosa la chumba changu linaonekana lote. Birika na pasi pamoja ni wati 3,800, sawa na ampea 16 na nusu. Breka ya 10 ilikuwa na kila sababu ya kukata. Ilikuwa inaniambia jambo, mimi nikamwita mtu aje ainyamazishe.

Milango na viti

Chukua daladala yenye viti 30. Mwenye gari akitoboa milango mingine mitatu ubavuni, abiria watapanda kwa urahisi zaidi, lakini viti vitabaki 30, na injini na matairi yaleyale. Soketi ni mlango. Kiti ni unene wa waya ulioko ukutani.

Unene huo hupimwa kwa milimita za mraba, na mafundi wanautaja kwa namba tu: "moja na nusu", "mbili na nusu", "nne", "sita". Moja na nusu ni waya wa taa. Mbili na nusu ni wa soketi. Nne na sita ni wa majiko makubwa na hita za kuogea. Waya wa moja na nusu uliozikwa kwenye konduti, lile bomba la plastiki la kupitishia nyaya, ndani ya ukuta unabeba ampea 15 hivi bila kuchoka. Inategemea umepita wapi na umebanana na nyaya ngapi, maana waya nao unahitaji pa kupumulia.

Ukizidisha mzigo, waya haukatiki wala haulalamiki. Unapata joto. Na joto halipandi hatua kwa hatua sawa na ampea: ukiongeza ampea mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Mimi niliongeza jiko la koili la wati 1,000 juu ya birika na pasi, jumla ikawa karibu ampea 21 kwenye waya wa 15. Hiyo ni karibu mara mbili ya joto ambalo waya ule uliundwa kulivumilia. Breka ya 32 ilikaa pale ikitazama, maana kwa macho yake ampea 21 ni mzigo mdogo.

Kwa hiyo breka inaulinda waya, na ukubwa wake unachaguliwa kwa kuangalia waya. Wingi wa vitu unavyotaka kuchomeka hauhusiki. Kubadilisha breka ndogo kuweka kubwa, bila kubadilisha waya, ni sawa na kumfukuza mlinzi anayepiga kelele na kumwajiri kiziwi. Nadhani katika makosa yote ya umeme wa majumbani hili ndilo lililozoeleka kuliko yote, na linafanywa kwa nia njema kabisa, kwa sababu mteja amesema "inakata kata".

Kuna joto la aina nyingine linalotokea hata pale waya ni sahihi, nalo ni la kiungo kilicholegea. Skrubu ya soketi isiyokazwa vizuri, au nyaya mbili zilizosokotwa kwa koleo na kuzungushiwa utepe mweusi, zinaweza kuleta ukinzani mdogo tu, tuseme sehemu moja ya kumi ya omu, kipimo cha ukinzani. Kwa ampea 21, kiungo hicho kinatoa joto la wati 44. Ile pasi ya kuchomelea risasi ya fundi redio kwa kawaida ina wati 40 hivi. Maana yake ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani unakuwa na pasi ya fundi redio iliyowashwa muda wote jiko linapofanya kazi. Ile harufu ya samaki ndiyo inatoka huko, plastiki ngumu ikipikwa taratibu. Ukiinusa nyumbani kwako, zima breka ya sakiti hiyo kwanza, samaki utamtafuta baadaye.

Kuongeza kwa namna inayokubalika

Namna rahisi kuliko zote haihitaji kuchimba ukuta: kutoa soketi ya tundu moja na kuweka pacha palepale. Milango imeongezeka, waya ni uleule. Kwa chaja, televisheni na king'amuzi haina neno. Ila soketi pacha haikuumbwa kubeba ampea 13 upande huu na 13 upande huu kwa muda mrefu. Birika na pasi kwenye pacha moja ni kazi ya dakika chache. Birika na jiko kila siku kwa muda wa saa mbili, hapana.

Ya pili ni kuchepusha: fundi anatoa tawi kutoka kwenye soketi iliyopo na kulipeleka kwenye soketi mpya. Hapa lazima ajue kwanza sakiti ya nyumba ni ya aina gani, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoparamia.

Aina ya kwanza inaanza kwenye breka, inapita soketi ya kwanza, ya pili, ya tatu, inaishia ya mwisho. Ni barabara isiyotokea upande wa pili. Kwa waya wa mbili na nusu breka yake ni 20. Aina ya pili ni ringi. Nyaya zinatoka kwenye breka, zinazunguka soketi zote, kisha zinarudi kwenye breka ileile, kwa hiyo kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Ndiyo maana ringi ya waya wa mbili na nusu inaruhusiwa breka ya 32: mzigo unagawana njia. Ni urithi kutoka Uingereza, uliobuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, shaba ikiwa adimu na nyumba nyingi zikihitaji kujengwa upya. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa ilikuja na mpango huohuo, mwaka 1947. Fyuzi iliyomo ndani yake ina sababu: breka ya 32 inaulinda waya wa ukutani, lakini haiwezi kuulinda ule uzi mwembamba wa redio yako. Uzi huo unalindwa na fyuzi. Anayeitoa na kuweka karatasi ya pakiti ya sigara ameuacha bila mlinzi.

Kwa ringi, kanuni ni kwamba kila soketi iliyo kwenye mzunguko inaweza kuzaa tawi moja tu, na tawi hilo linabeba soketi moja, ya tundu moja au pacha. Tawi halizai tawi. Sababu ni ileile ya viti: waya wa tawi unalishwa upande mmoja tu, na breka inayoulinda ni ya 32. Ukiufunga soketi nne mfululizo, waya mmoja wa mbili na nusu utabeba mzigo uliokusudiwa kwa nyaya mbili.

Ringi ina hila moja mbaya. Ikikatika katikati, labda fundi amefungua soketi na kusahau kurudisha waya mmoja, kila kitu kinaendelea kuwaka. Hakuna dalili. Ila sasa unazo barabara mbili zisizo na njia ya kutokea, na breka bado ni ya 32. Testa haiwezi kuligundua hilo. Inahitaji mita na mtu anayejua kupima mwisho hadi mwisho.

Namna ya tatu, na kwa jikoni mimi ndiyo naipigia debe, ni sakiti mpya kabisa kutoka kwenye meini swichi, na waya wake na breka yake. Ni ghali, inachafua nyumba, na mwenye nyumba wa kupanga anaweza kukunja uso. Lakini jiko la presha, jiko la koili, birika na friji vikikaa kwenye sakiti yao, chumbani hakuna kinachotikisika. Hita ya kuogea nayo isichomekwe kwenye soketi hata siku moja. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22, wakati plagi ina mwisho wa 13. Hiyo inataka waya wake, wa nne au wa sita kulingana na umbali, na swichi yake nje ya bafu. Ndani ya bafu soketi za kawaida haziwekwi, hata kama ni kwa ajili ya mashine ya kunyolea.

Usikubali soketi ichukuliwe kutoka kwenye taa. Ni kishawishi kikubwa, kwa kuwa swichi ya taa ipo karibu na kuchimba ni kidogo, na ndivyo nilivyofanyiwa mimi.

Ethi, na kwa nini breka haitoshi

Watu wengi wanaamini breka inazuia mtu kupigwa shoti. Hapana. Breka ya 32 haiwezi kutofautisha mtu na birika. Umeme unaoweza kuusimamisha moyo ni mdogo sana. Balbu ya LED ya wati 7, kwa hesabu ileile ya kugawanya kwa 230, ni takriban miliampea 30, yaani ampea 0.03. Kiasi hicho kikipita kifuani kinatosha kuhatarisha maisha, na kwa breka ni sawa na hakuna kitu.

Hapo ndipo ethi inapoingia. Tuseme waya wa laivu ndani ya friji umechubuka na kugusa bati. Ethi ikiwepo, umeme unapata njia ya kwenda ardhini kupitia ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba, bila kusubiri mkono wa mtoto anayefuata maji baridi. Ethi isipokuwepo, bati la friji linabaki na umeme, kimya, hadi atokee mtu pekupeku.

Lakini hata ethi ina mpaka wake, na hesabu hii mimi mwenyewe ilinishtua mara ya kwanza. Chukua nyumba inayotegemea fimbo yake tu, na fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20, ambao si wa ajabu kwenye udongo mkavu. Volti 230 gawanya kwa 20 unapata ampea 11 na nusu. Huo ndio umeme utakaokimbilia ardhini friji ikiharibika. Breka ya 32 itausoma kama mzigo wa kawaida na haitakata. Una ethi, una breka, na bado friji inauma.

Kinachoziba pengo hilo ni swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, ambayo mafundi wanaiita RCD. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana, maana yake kuna unaovuja, kupitia bati au kupitia mtu, na inakata. Ya kuwalinda watu huandikwa 30mA. Kama utatoa pesa kwa jambo moja tu kabla ya kuongeza soketi, toa kwa hiyo. Wengine wanailaumu kwamba "inakata ovyo", wakaiunganisha pembeni ili umeme usipite ndani yake. Mara nyingi sana inakata kwa sababu kuna kitu kinavuja kweli: pasi ya zamani, taa ya nje iliyoingia maji, au waya uliotobolewa na msumari wa kalenda.

Msumari huo ndiyo sababu nyaya za ukutani hupitishwa wima au mlalo kutoka kwenye soketi, zisikate kona kwa mshazari. Ukijua kanuni, ukiiona soketi unajua usipigilie juu yake wala pembeni yake usawa ule. Fundi aliyekata mshazari ili aokoe mita mbili za waya amemtegea mtu atakayekuja kutundika televisheni.

Kuna pia jambo la kijiti. Chaja ya miguu miwili ya mviringo haiingii kwenye soketi yetu mpaka utie kalamu au kijiti kwenye tundu la juu. Tundu hilo ni la ethi, na mguu wa ethi kwenye plagi ni mrefu kuliko mingine kwa makusudi: unaingia kwanza na kuvifungua vifuniko vya laivu na nyutro. Vifuniko hivyo vipo kwa ajili ya vidole na misumari ya watoto. Kwa kijiti, umevifungua kwa mkono. Vifaa vya mitumba kutoka Ulaya, au anavyokuja navyo ndugu kutoka Bujumbura, vinahitaji adapta ya kueleweka, na kama kifaa kina mwili wa chuma, adapta hiyo lazima iwe na ethi. Zile nyeupe za bei ya chee nyingi hazina.

Ekstensheni

"Basi nitanunua ekstensheni, niachane na mafundi." Ni sawa, kwa kazi ndogo. Soma unene wa waya wake, umechapwa kwenye plastiki. Waya wa 0.75 ni wa ampea 6 tu, yaani wati 1,380. Hata pasi ya kawaida umeshavuka. Wa 1.25 ndio unaofika 13. Matundu sita hayakuongezei kitu, milango tena. Usiufiche chini ya zulia. Kama ni wa kuzungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote kabla ya kuchomeka kitu kikubwa, kwa kuwa waya uliojikunja unajipasha wenyewe. Ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine ni ushahidi tosha kwamba nyumba inahitaji soketi.

Nani afanye, na umuulize nini

Kwa Tanzania Bara, kazi ya kufunga nyaya za umeme ni ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja. Kenya leseni hutolewa na EPRA. Ulipoomba kuunganishiwa umeme mara ya kwanza, fomu yako ilipitia kwa mkandarasi mwenye leseni na ikawa na mchoro wa nyaya za nyumba. Soketi zote zilizoongezwa baada ya siku hiyo hazimo kwenye mchoro ule. Hakuna aliyezikagua ila aliyezifunga. Na kitu chochote kilichoko kabla ya mita ya LUKU, au mita yenyewe, ni mali ya TANESCO. Fundi wako asikiguse, hata kama anasema anajua.

Najua hali halisi. Fundi mwenye leseni hapatikani kila kona, na wa mtaani ni kijana wa watu, pengine amepita VETA, ana mikono mizuri. Muulize hata hivyo. Sakiti hii ni ringi au si ringi, na umejuaje? Waya utakaotumia ni wa ngapi, na breka yake ngapi? Ethi utaitoa wapi? Ukimaliza utapima na nini? Akijibu "na testa", hapo pana tatizo. Testa inawaka kwenye laivu, basi. Haioni nyutro iliyokatika, haioni ethi isiyofika ardhini, na kutowaka kwake si uthibitisho kwamba waya hauna umeme. Kazi ya soketi inataka mita, na mashine ya mega ya kupimia kama plastiki ya nyaya bado inazuia umeme. Ikipimwa kwa volti 500, namba isishuke chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja.

Waya nunua mwenyewe ukiweza. Tafuta alama ya ubora ya TBS, kisha mwombe muuzaji akate kipande, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukikuta weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba: inabeba umeme mchache kuliko shaba ya unene uleule, na viungo vyake hulegea mapema.

Mama mwenye nyumba wangu wa sasa alikuwa na wasiwasi tofauti kabisa. Nilipomwendea kuomba ruhusa, baada ya shikamoo, alinitazama kwa muda. "Mwanangu, soketi zote hizo si zitamaliza umeme wa LUKU?" Nikamwambia, mama, soketi tupu haili kitu, kinachokula uniti ni kile ulichochomeka. Hakuridhika hadi tulipozima vifaa vyote na kukaa wote wawili mbele ya mita, yeye ameshika miwani, tukitazama kama taa nyekundu itapepesa. Haikupepesa. Akanipa ruhusa, kwa sharti kwamba ukuta nirudishie rangi.

Sasa tuna RCD. Kitufe chake cha T hutakiwa kubonyezwa kila baada ya miezi michache ili kuhakikisha haijaganda, na kazi hiyo nimepewa mimi. Nikibonyeza, feni zinasimama, friji inanyamaza, na kutoka chumba cha tatu anasikika mjukuu wake akipiga kelele: "Bibi, wamekata!"